Mwalimu Aliyefunika Vioo

Mwalimu hakuacha kioo kikae wazi. Miwani yake ya kusomea ilikuwa na mfuko wa kipande cha kanga, na mfuko ule ulikuwa na kifungo. Chupa ya maji aliivisha soksi kuukuu. Kioo cha kujitazamia kiliangalia ukuta kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Ukitaka kujiona ulikigeuza, ukajiona, ukakirudisha kilivyokuwa. Darubini yake ilikaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, imeviringishwa shuka mbili na kukazwa kwa kamba ya katani.

Kijijini kwetu, upande wa Chilangala ambako uwanda unaanza kuinama kuelekea bonde la Ruvuma, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni uchoyo, hataki watoto wachezee vitu vyake. Wengine walisema anazeeka vibaya. Mama yangu alisema mtu asiye na mtoto ndivyo anavyokuwa, hufunikafunika vitu. Nikamuuliza ushahidi wake uko wapi. Akanipa ndoo nikachote maji.

Nitasema jambo lenyewe mapema, kwa sababu sipendi masimulizi yanayomficha msomaji kitu ambacho msimuliaji anakijua. Mwaka ule jua lilipopatwa, shamba la mikorosho la mjomba wangu liliungua. Aliyebebeshwa moto ule ni Baba Somoe, mrina asali, ambaye alihama kijiji pamoja na mkewe. Aliyeuwasha ni Mwalimu, kwa darubini yake, bila kukusudia. Alilijua hilo jioni ile ile, akanyamaza kwa miaka. Kwa hiyo ukisikia ninamsifu humu, ujue ninamsifu mtu aliyemwacha mwenzake abebe mzigo usio wake. Nimejaribu kumsifu bila kukumbuka hilo, na nimejaribu kumlaumu bila kukumbuka mengine. Sijaweza lolote kati ya hayo mawili.

Alitufundisha fizikia na jiografia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kufika dawati la mwisho bila kupandishwa, na swali moja ambalo alilitumia kama wengine walivyotumia fimbo: "Umeona au umesikia?" Ukijibu umesikia, unakaa chini. Ukijibu umeona, anauliza, "Mara ngapi?"

Siku moja mwenzetu alisema darasani kwamba Shimo la Mungu pale Newala halina mwisho, kwamba ukitupa jiwe hulisikii likifika. Mwalimu hakubishana. Jumamosi alituongoza hadi ukingoni, akatuteremsha kwenye njia ya mbuzi mpaka viatu vyetu vikachanika, na tulipofika kwenye tambarare akasimama, akapiga mguu wake chini mara mbili.

"Hapa ni wapi?"

"Chini, Mwalimu."

"Basi andikeni."

Tukaandika. Kupanda kulituchukua mchana wote.

Mtu wa namna hiyo anakuharibu. Nilipofika chuo kikuu Dar es Salaam wahadhiri walinichoka mapema. Nilibishana na imamu, nilibishana na mchungaji wa rafiki yangu, nilibishana na daktari aliyenipa dawa bila kunieleza. Mama alisema Mwalimu ndiye aliyenitia ugonjwa huo, na safari hii sikumwomba ushahidi.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa na jambo moja asiloliuliza wala kutaka liulizwe. Ulipotajwa moto wa shamba la mjomba, Mwalimu alitafuta kitu cha kufanya. Alikunja kitambaa. Aliangalia kama mbuzi wameingia kwenye mihogo. Nilikuwa nimeliona hilo mara nyingi kabla sijajua maana yake.

Nieleze kidogo kuhusu moto wa kwetu. Kabla korosho hazijaanza kudondoka, watu hufagia chini ya mikorosho ili zitakapoanguka zionekane. Majani makavu hukusanywa marundo marundo mpakani. Hakuna anayeyachoma kimyakimya. Unapita kwa majirani wa pande zote, unasema kesho asubuhi nachoma, na kesho yake kila jirani anakuja na tawi bichi, anasimama upande wake mpaka jivu lipoe. Moto usiotangazwa kwetu ni kama wizi. Hauhesabiwi kuwa ajali. Watu huuliza nani, hawaulizi vipi.

Ndiyo maana kikao cha siku ya pili baada ya moto hakikuwa kirefu. Nilikuwepo, nikiwa bado sekondari, nimekaa kwenye nyasi na wenzangu. Mjomba alisimama, macho mekundu kwa moshi na kwa kulia. Miti ile aliipanda na marehemu babu.

"Siku ile nani alikuwa na moto mkononi?" aliuliza. "Mmoja tu. Nani mwingine? Anyooshe mkono!"

Baba Somoe alikuwa amekwenda kurina mzinga upande wa chini wa shamba, na mrina hawezi kwenda kwa nyuki bila mwenge wa moshi. Hakukana.

"Nilikuwa na moto, shemeji," alisema. "Nikauzima. Nikaufukia mchangani."

"Uliuzima, au ulidhani umeuzima?"

Baba Somoe akageuka kutazama kule shambani. Watu wakaguna. Nilimtazama Mwalimu, aliyekuwa amekaa na wanawake, mkoba umelala magotini. Nilingoja aulize swali lake. Nilikuwa na hakika ataliuliza. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu. Hakusema kitu. Mwishowe mwenyekiti alimshukuru yeye kwa jina, kwa sababu ndiye aliyepiga kelele za kwanza za moto na kuwahisha watu. Watu wakampigia makofi. Akainamisha kichwa. Tulidhani ni unyenyekevu.

Hakuna aliyemfukuza Baba Somoe. Waliacha tu kununua asali yake, wakaacha kumwita kwenye misiba, na watoto wakawa wanapita nyumbani kwake wakiimba "Mwenge! Mwenge!" Kabla ya mvua alikuwa ameshahamia Lupaso, kwa ndugu za mkewe.

Mwalimu alistaafu, akabaki kwenye nyumba yake ndogo inayopakana na shamba la mjomba. Nyumba ile ilikuwa na mandhari ambayo mgeni angelipia kuyaona: bonde lote, na asubuhi ya wazi mstari wa mto, na ng'ambo yake Msumbiji. Kiti chake kilitazama ukuta. Alikuwa na vikombe viwili, na vyote vilikuwa vyake, kimoja cha asubuhi na kimoja cha alasiri. Ukija kumtembelea alikupa cha alasiri, kisha alasiri akanywa maji tu kwa mkono. Alipika ndani, kwenye jiko dogo la mkaa, ndoo ya mchanga ikiwa pembeni, na akiwa na haraka alikula muhogo mbichi. Alikuwa mkali kwa watoto na mpole kwa mbuzi. Aliwahi kurudisha barua ya rambirambi niliyomwandikia alipofiwa na dada yake, imesahihishwa kwa wino mwekundu, na chini ameandika: "Asante. Umejitahidi."

Wanafunzi wake wa zamani tulimtembelea wakati wa likizo, kila mwaka wachache zaidi. Nadhani kuna miezi hakuzungumza na mtu isipokuwa redio, ambayo pia aliisahihisha.

Likizo ya mwaka wa tatu nilimletea zawadi, darubini ndogo ya macho mawili niliyoinunua Kariakoo kwa muuza mitumba. Nilifikiri atageuza kiti atazame bonde.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko chuoni mnakula vitabu?"

Nikaiweka mezani, karibu na dirisha, nikainama kuvua mkoba. Nikasikia kiti kinaanguka. Mwalimu, ambaye kwa magoti yake mabovu alihitaji muda kufika mlangoni, alikuwa ameshavuka chumba na kuirushia kanga kama mtu anayemfunika nyoka.

"Mwalimu, ni darubini tu!"

"Najua ni darubini. Neno hilo nani alikufundisha?"

"Jua lenyewe liko upande wa pili wa nyumba."

"Sasa hivi. Na saa tisa litakuwa wapi?"

Nilichoka. Nilimwambia hofu isiyopimwa ni ushirikina hata ikivaa koti la sayansi. Nikamwambia anafunika mpaka miwani, wakati miwani hutawanya mwanga, haiukusanyi, na kwa hiyo haiwezi kuunguza hata sufi.

"Inayotawanya ni ya kuonea mbali," alisema. "Hii ni ya kusomea. Umetoa hukumu kabla hujaishika mkononi. Toka nje."

Tukatoka. Ilikuwa karibu saa sita. Akaniambia niokote jani kavu la mkorosho, niliweke juu ya tofali. Akainua darubini ile akiielekeza juani bila kuitazama wala kulitazama jua. Alitazama kivuli chake chini. Kivuli kilipokuwa kifupi kabisa, nuru ilitokea nyuma ya kioo.

"Usichungulie. Hata kwa mzaha, hata kufumba na kufumbua. Ndani ya jicho hakuna kinachouma kukuambia unaungua. Litaiva kimya kama yai, na utajua kesho."

Alisogeza mkono. Nuru ikajikunja juu ya jani, ikawa kama tembe, kisha kama punje ya mtama. Nilianza kuhesabu. Sikufika kumi na tano. Uzi wa moshi ukapanda, ukingo wa jani ukawa mwekundu, na kutoka ndani ya zawadi yangu ikaja harufu ya plastiki inayoiva.

"Kioo hakitengenezi joto," alisema. "Kinalikusanya tu. Lililoenea mahali papana, lisilomdhuru mtu, kinalileta mahali pamoja."

Kisha akachukua ndoo akaimwaga juu ya lile jani moja. Ndoo nzima, kwenye uwanda ambako maji hukingwa mapaani na kupimwa kwa kikombe. Maji yalikimbia mpaka mpakani, yakazunguka visiki vyeusi vya mikorosho ya mjomba. Niliyafuata kwa macho. Kuna maswali ambayo mtu huyauliza kabla hajajua kwamba anayauliza.

"Mwalimu, siku ya kupatwa kwa jua darubini uliiweka wapi?"

"Hapo uliposimama."

Niliikumbuka siku ile. Tulijaa uani kwake, wanafunzi na watu wazima. Hakumruhusu yeyote kuchungulia. Mwanga ulipita kwenye darubini ukaangukia ubao mweupe, na jua likaonekana pale, dogo, limemegwa kama kitumbua. Ili watoto wadogo waone, alikuwa ameishusha darubini hadi karibu na ardhi. Na ule ubao, ili usimame, aliuegemeza kwenye rundo la majani ambalo watu wa mjomba walikuwa wamelifagia mpakani.

"Mlipoondoka," alisema, "nikachukua ubao. Nikachomoa kile kioo kidogo cha nyuma, nikakitia mfukoni, nikihofia watoto watarudi wachungulie. Niliogopea macho yenu. Nikaingia ndani kulaza kichwa kidogo. Kioo kikubwa cha mbele nilikiacha kinatazama jua, na nyuma yake pale palipokuwa na ubao pakawa na majani."

Alipotoka, moto ulikuwa mdogo, upana wa kitambaa cha meza. Akapiga kelele. Upepo ulikuwa unatoka kwake kwenda shambani.

Niliuliza, kwa sababu ndivyo nilivyo, anajuaje haukuwa mwenge wa Baba Somoe. Hakukasirika. Aliingia ndani, akarudi na pete nyeusi ya plastiki ya mwisho wa darubini, upande mmoja umeyeyuka na kulegea kama mdomo wa mzee.

"Hii ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba nililiona rundo langu likiwaka wakati kule chini alikokuwa yeye hakujawaka chochote. Nimeona. Mara moja, lakini nimeona."

"Na kikaoni?"

Akakaa chini, juu ya tofali lenye maji.

"Nilijiambia watakosa ushahidi, watamwacha. Hawakuukosa, kwa sababu hawakuutafuta. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa aibu. Siku ya pili ikawa ni aibu ya siku ya kwanza. Baadaye zikawa nyingi, sikuweza tena kuzitenganisha."

Ningependa kuandika kwamba nilimwambia neno zuri. Nilimwambia, "Anaishi Lupaso."

"Najua anakoishi."

Kwanza alikwenda kwa mjomba. Alitaka kwenda peke yake, nikamfuata hata hivyo. Mjomba alimsikiliza akiwa ameshika kikapu, akacheka kwa heshima.

"Mwalimu, kioo kiwashe moto? Ndiyo mnayofundishana huko?"

"Nimekuletea na pete. Iangalie."

"Naiona. Plastiki huyeyuka. Mwalimu, umri umekwenda, unajitia hatia bure. Moto una mtu."

"Mtu mwenyewe ni mimi."

"Mtu wake nilishampata," mjomba alisema, akainua kikapu chake. Nilipotaka kubishana akaninyooshea kidole. "Na wewe msomi, unasema huamini mpaka uone. Umeona?"

Nilikuwa sijaona. Aliniacha na hilo, na njia ya kurudi nilijisikia kama niliyevuliwa shati mbele za watu.

Mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kumfunga Mwalimu jicho la kulia. Tulikwenda Lupaso wiki iliyofuata, gari mpaka Masasi, kisha bodaboda mbili. Alivaa gauni la kazini. Pale Masasi tulipokunywa chai aliniuliza kitu kimoja tu, kama nadhani watoto wa Baba Somoe watakuwepo. Nikasema sijui. Akasema, "Bora wawepo."

Hawakuwepo. Somoe ameolewa mbali. Baba Somoe tulimkuta anakwangua muhogo peke yake mbele ya nyumba ya chumba kimoja, mwembamba, mikono imejaa unga mweupe. Hapakuwa na mzinga wowote, si juu ya mti wala uani. Hapakuwa na jiko. Baadaye nilijua kwamba jirani ndiye anayempikia.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba." Kisha akamtambua aliye nyuma yangu, akasimama haraka, akajifuta mikono. "Mwalimu! Umefika mpaka huku? Karibu, karibu. Samahani, sina kiti cha maana."

"Nitasimama."

Akamwambia. Hakuzunguka. Alianza na ubao mweupe, akaja kwenye rundo, akaja kwenye kioo alichokitia mfukoni. Akaja na kwenye kikao. Baba Somoe alisikiliza akitazama kisu chake.

"Basi si mimi," alisema, taratibu.

"Si wewe."

"Una uhakika?"

"Niliuona kwangu ungali mdogo. Si wewe."

Akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Nilidhani atatukana. Nilikuwa tayari kwa matusi, nilifikiri tunayastahili, hata mimi niliyeimba "Mwenge!" siku moja na wenzangu nikidhani ni mchezo.

"Yule shemeji aliniuliza kama niliuzima au nilidhani nimeuzima," alisema. "Nikatafuta kichwani, nikakuta sina hakika. Nilifukia, ndiyo. Lakini niliangalia nyuma? Nilimwaga maji? Mwenge ule nimeufukia kila siku tangu siku ile, Mwalimu. Naamka, naufukia. Siku nyingine nakuta umezimika. Siku nyingine nakuta unawaka."

"Ndiyo maana huna nyuki?" niliuliza. Swali la kijinga, lakini lilishatoka.

"Mtu aliyeunguza shamba la watu anashikaje moto tena, mwanangu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Nilidhani miaka yote ile alikuwa amekaa na hasira ya mtu aliyeonewa. Hakuwa hata na hasira ya kukaa nayo.

Mwalimu alitaka kupiga magoti. Yalikataa, akabaki ameinama nusu, mkono mmoja ukutani. Baba Somoe akamshika kiwiko, akamnyanyua, na kwa muda wakasimama hivyo kama watu wanaovushana mto.

"Ya kijiji tutayaongea," alisema Baba Somoe. "Mama Somoe aliniuliza mara moja. Mara moja tu, tukiwa tunafunga mizigo. Akasema, baba, ni wewe? Nikamwambia sijui. Hakuuliza tena. Alinipikia, aliniuguza, akanitetea kwa ndugu zake wote kwamba si mimi. Amekufa na ile 'sijui' yangu."

Akaweka kisu chini.

"Njoo ukamwambie."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya jua kali, limezungushiwa mawe yaliyopangwa vizuri. Siamini kwamba wafu husikia. Nimelibishania jambo hilo na watu wengi, na nikiulizwa leo nitabishana tena. Siku ile nilisimama kando.

Mwalimu alisimama miguuni pa kaburi, mikono imeshuka. Akaanza kwa sauti ile ya dawati la mwisho. Ubao mweupe. Rundo la majani. Kioo cha nyuma mfukoni. Kioo cha mbele kinatazama jua. Upepo. Kikao, na makofi aliyopigiwa. "Hakuwa mumeo, Mama Somoe," alisema. "Aliuzima wa kwake. Uliowaka ni wangu." Hakuacha kitu. Alipomaliza uso wake ulikuwa umelowa jasho na machozi pamoja, na hakuwa na kitambaa cha kujifutia.

Baba Somoe aliinama, akaondoa jani lililoangukia kati ya mawe.

"Sema tena," alimwambia. "Zunguka huku kulia. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii vizuri."

Mwalimu akashika mkono wangu, akazunguka mawe hatua kwa hatua hadi upande wa pili, akaanza upya.